Je, Wajua? Soma gari kabla ya kuhesabu dola

Je, wajua kwamba tairi lina tarehe ya kuzaliwa? Tafuta ubavuni herufi DOT, ufuate mstari huo hadi tarakimu nne za mwisho. Ukikuta 2319, tairi lilitoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata zake zinaweza kuwa nzima kabisa na mpira wenyewe umeshakauka, na juu ya mawe ya lava ya mtaa wa Majengo hapa Goma, tairi kavu hupasuka ubavuni, mahali ambapo fundi wa viraka hawezi kitu. Muuzaji akikuapia kwamba matairi ni ya juzi, inama usome.

Gari lote limeandikwa hivyo. Anayenunua kwa kazi, awe anabeba abiria kwenda Rutshuru au anakodisha jipu kwa mashirika, afadhali asome mwili wa gari kuliko kusikiliza mdomo wa muuzaji.

Je, wajua kwamba herufi za mwanzo za namba ya chasisi zinakutajia injini kabla hujafungua boneti? Magari yaliyoundwa kwa soko la Japani hayana ile namba ndefu ya herufi na tarakimu 17. Yana msimbo mfupi, kistari, halafu namba ya mfululizo. Prado ya kati ya 1996 na 2002 ikiwa KZJ95, ni ya mazutu, injini ya 1KZ ya lita 3. Ikiwa RZJ95, ni ya esansi, lita 2.7. Noah SR40 ina injini ya 3S, ya kizamani na nyepesi kutengeneza. Iliyoirithi, AZR60, ina 1AZ-FSE, ile inayoandikwa D-4, ambayo hupuliza esansi moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu yenye msukumo mkubwa. Huko Nagoya, kwenye esansi safi, D-4 ni werevu mtupu. Hapa kwetu, kwenye esansi ya bidoni iliyonunuliwa kwa kadhafi kando ya njia, pampu hiyo na sindano zake ndizo za kwanza kulalamika. RAV4 ni hivyo hivyo: ACA21 iliyotoka Japani ina D-4, SXA11 iliyoitangulia ina 3S. Mimi, kwa kazi ya kila siku, ningechukua SXA11 iliyopauka rangi na kumwachia mwingine ACA21 inayong'aa.

Tena injini ya 3S-FE ina huruma moja: mkanda wa taimingi ukikatika, gari linazimika tu, vali hazigongani na pistoni. Injini ya 1HZ ya Land Cruiser haina huruma hiyo. Mkanda wake hubadilishwa kila kilomita 100,000, au 150,000 kwa baadhi ya matoleo, na ukikatika njiani unavunja vitu ndani. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwenye Land Cruiser si "inakula mazutu kiasi gani?" Ni "mkanda ulibadilishwa lini, na nani aliubadilisha?"

Je, wajua kwamba mwaka unaoandikwa kwenye karatasi za Japani ni wa usajili wa kwanza, si wa kuundwa? Gari linaweza kukaa kiwandani au dukani miezi kadhaa kabla ya kusajiliwa. Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho, tazama kilebo kilichoshonwa chini: mara nyingi kina mwezi na mwaka. Linganisha mikanda yote. Mmoja ukiwa mdogo kwa miaka kuliko wenzake, uliza mkanda wa zamani ulikwenda wapi. Vioo navyo vina chapa ya mtengenezaji pembeni. Kimoja kikiwa na chapa tofauti, huenda kilivunjika.

Umri huo hupimwa hata njiani: Kenya hairuhusu kusajili gari la mtumba lililozidi miaka 8, na Uganda mwaka 2018 iliweka mpaka wa miaka 15. Kwa hiyo gari linaloshushwa Mombasa au Dar es Salaam huenda limechujwa na wengi kabla halijakaribia Goma. 

Kilomita za dashibodi: gari la Uingereza huhesabu maili. Hesabu ya 100,000 hapo ni kilomita 160,934. Kwa gari la Japani, omba cheti cha kulitoa nchini, kwa sababu huandikwa kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa serikali, ule wanaouita shaken, ambao kwa gari dogo huja baada ya miaka 3 ya kwanza na kisha kila miaka 2. Cheti kikisema 140,000 na dashibodi ikisema 85,000, mazungumzo yameisha.

Je, wajua kwamba taa za gari la Japani zinamwangaza mtu asiyehusika? Japani huendesha kushoto, na taa zake za chini zimepinda kidogo kuelekea ukingo wa kushoto. Kongo tunaendesha kulia. Matokeo yake mwanga unaingia machoni mwa anayekuja mbele, na ukingo wako wa kulia, wenye watu na machukudu, unabaki gizani. Taa za kubadilisha zipo. Ziweke kwenye bei.

Mlango wa kuteleza wa Noah au Hiace ya Japani nao mara nyingi uko kushoto tu. Huko ni upande wa kando ya barabara. Hapa ni katikati ya barabara, pikipiki zinapopenya. Na dereva aliyeketi kulia hawezi kuona mbele ya lori analotaka kulipita mpaka ajitokeze nusu ya gari. Rwanda ilikataza kuingiza magari ya usukani wa kulia tangu 2005. Goma bado yamejaa, kwa sababu ni rahisi kununua. Kwa anayebeba abiria kutwa nzima, tofauti ya bei ya usukani wa kushoto si anasa.

Je, wajua kwamba Goma maji huchemka mapema? Tuko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hapo maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Kinachookoa injini ni kifuniko cha radieta, kile kidogo kinachouzwa kwa bei ya chakula cha mchana: kinabana maji kwa shinikizo na kupandisha kiwango cha kuchemka kwa zaidi ya nyuzi 20. Mpira wake ukichoka, msaada huo umekwisha. Na ile KZJ95 tuliyoitaja ina kichwa cha silinda cha aluminiamu ambacho hupasuka kikizidiwa na joto. Kabla ya kuinunua, injini ikiwa baridi, fungua radieta utazame kama kuna mafuta yanayoelea, kisha fungua kifuniko cha oili utazame kama kuna ute mweupe kama maziwa. Ukikuta kimoja, rudisha vifuniko na uage.

Urefu huo huo unaiba nguvu. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Farasi 130 za 1HZ zilizoandikwa kitabuni zinabaki kama 110 hapa. Usidhani imechoka, ndivyo inavyopumua.

Land Cruiser ya mfululizo wa 70 ilizinduliwa Novemba 1984 na inaundwa mpaka leo. Zile nyeupe za mashirika, nyingi zilipitia Gibraltar, kwa kampuni ya Toyota Gibraltar Stockholdings, inayoziandaa kwa kazi za misaada. Zinapouzwa kwa zabuni huja na kitu adimu: kitabu cha safari, kilichoandikwa kila kilomita na kila lita. Soma safari zenyewe. Gari lililokwenda Masisi kila wiki limeshamaliza springi na bushi, hata kama viti ni visafi. Halafu uliza swali ambalo wengi hulikumbuka wakiwa wameshalipa: je, liliingia nchini kwa msamaha wa kodi? Likiwa hivyo, kodi inadaiwa linapohamia kwa mtu binafsi, na bila karatasi ya forodha ya DGDA unanunua deni lenye magurudumu manne.

Lala chini ya gari. Kutu ya juu juu haitishi, lakini fremu iliyomomonyoka kama biskuti inasimulia majira ya baridi ya Hokkaido, ambako barabara hunyunyiziwa chumvi kuyeyusha theluji. Tazama pia karta ya oili. Mitaa ya Majengo imekaa juu ya lava, na ile ya Mei 2021 ilisimama jirani tu, Buhene. Jiwe moja lililochongoka linatosha kuitoboa. Bamba la chuma chini ya injini, analochomelea fundi yeyote mzuri, ni pesa ya kutumia siku ile ile ya kununua.

Je, wajua kwamba mkoba wa hewa ulio ndani ya usukani unaweza kumuua anayeuamini umlinde? Vipulizi vya kampuni ya Takata vilivyowekwa kwenye mamilioni ya magari huharibika kwa joto na unyevu, kisha hulipuka na kurusha vipande vya chuma. Toyota, Honda, Nissan na wengine waliyaita magari yao nyuma. Gari lililokwisha safirishwa Afrika halipati barua ya mwito huo. Chukua namba ya chasisi, iingize kwenye tovuti ya kampuni iliyoliunda, ni kazi ya dakika chache.

Redio isikushtue ikikataa stesheni nyingi za hapa: ya Japani huanzia megahazi 76, na nyingi huishia 90. Na kila asubuhi ukiwasha, mwanamke akikusemesha Kijapani kwa adabu, hakuambii injini ina ugonjwa. Anasema hujaingiza kadi ya kulipia barabara kuu za kwao. Mchomoe waya, wala usimruhusu fundi akuandikie bei ya uchunguzi.