Nyota Zinazochomoza Wima

Je, wajua kwamba bodaboda inaweza kupita mbele ya kamera bila kuacha alama yoyote kwenye picha isipokuwa taa yake? Panda juu ya nyumba ya ghorofa pale Sombetini, Arusha, saa mbili usiku, funga kamera kwenye stendi, ielekeze barabarani na uache shata wazi kwa sekunde 30. Dereva hataonekana, wala abiria, wala pikipiki yenyewe. Kitakachobaki ni mstari mwekundu wa taa ya nyuma, unaopinda barabara inapopinda na kuruka kidogo kila penye tuta. Mama muuza mahindi ya kuchoma atatokea vizuri kwa sababu ametulia penye jiko lake, ila mkono unaopepea moto utakuwa ukungu mtupu.

Jambo hili lina umri sawa na upigaji picha wenyewe. Mwaka 1838 Louis Daguerre aliitazamisha kamera yake barabara ya Boulevard du Temple, jijini Paris, mchana kweupe. Barabara ilikuwa na watu na magari ya farasi, lakini picha ilitoka tupu. Kila kilichokuwa kikitembea kilifutika, kwa kuwa bamba lake lilihitaji dakika kadhaa kupokea mwanga wa kutosha. Aliyesalia kuonekana vizuri ni mtu mmoja aliyesimama kung'arishiwa viatu, naye anahesabiwa kuwa miongoni mwa binadamu wa kwanza kuonekana kwenye picha.

Jicho letu halina uwezo wa kuweka akiba. Ukilitumbulia giza kwa saa nzima, ukishalizoea, dakika ya mwisho huoni zaidi ya ulichoona mwanzoni. Sensa ya kamera ni kama ndoo iliyowekwa usiku chini ya bomba linalodondosha: tone moja halionekani kuwa kitu, asubuhi ndoo imejaa. Shata iliyofunguka kwa sekunde 30 hupokea mwanga mara 3,000 zaidi ya ile iliyofunguka kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Ndiyo maana nyota ambazo hukuziona kwa macho hujitokeza kwenye kioo cha kamera kwa mamia, na rangi zake, hii ya bluu, ile ya machungwa.

Sasa igeuze kamera kaskazini, mlimani. Meru, mita 4,562, huonekana kutoka Sombetini upande wa kaskazini ukivuta kidogo mashariki. Hapo ndipo anga letu linapotofautiana na lile la vitabu vingi. Dunia inajizungusha digrii 15 kwa saa, kwa hiyo ukiacha shata wazi kwa muda mrefu kila nyota huchora mstari. Picha maarufu za Ulaya na Marekani huonyesha mistari hiyo ikizunguka nyota moja iliyotulia juu angani, Nyota ya Kaskazini. Kwetu nyota hiyo haionekani. Arusha iko digrii tatu na nusu hivi kusini ya Ikweta, kwa hiyo kitovu cha mzunguko wa kaskazini kimezama chini ya upeo kwa digrii hizo hizo. Mistari haifungi duara. Inapanda kutoka kulia, inavuka juu ya mlima na kushuka kushoto kwa matao mapana. Kuanzia Desemba hadi Februari, Kilimia nacho kimo katika msafara huo, jioni, juu upande wa Meru.

Geuka mashariki, mambo yanabadilika tena. Nyota huchomoza wima, zikipanda karibu kunyooka kabisa kutoka kwenye upeo. London huchomoza kwa mshazari. Picha ya namna hii, basi, ina anwani ndani yake: anayejua kuisoma ataangalia mwinamo wa mistari na kukuambia ulisimama umbali gani kutoka Ikweta. Naona ni hasara kubwa mtoto wa Arusha kufundishwa anga kwa picha za nchi nyingine, ilhali anga la kwake limejaa. Kitovu cha galaksi yetu, penye nyota nyingi kuliko kwingine, hufika digrii 64 juu ya upeo hapa Arusha. London hakizidi kumi.

Mjini taa ni nyingi na mawingu ya Meru hayana ratiba, kwa hiyo wapiga picha wengi huishia pwani. Kizimkazi, ncha ya kusini ya Unguja, ni mahali pazuri sana. Ukitazama kusini ni bahari tupu, na kitovu cha kusini cha anga kiko digrii sita na kidogo juu ya maji. Nyota zilizo karibu nacho huzunguka duara kamili bila kugusa bahari. Mawimbi nayo hugeuka utelezi mweupe, kwa maana kila tone lilipita mahali pengi kabla shata haijafunga. Ngalawa iliyotia nanga hutikisika na kupotea umbo. Iliyolala mchangani huonekana hadi mishono ya tanga.

Mpiga picha wa nyota na mvuvi wa dagaa wanautaka usiku ule ule. Dagaa hufuata taa, zamani karabai na siku hizi taa za betri, na mbalamwezi huipokonya taa nguvu yake. Wavuvi wengi hupumzika mwezi ukiwa mpevu na kurudi baharini gizani, na taa zao huchora mistari ya dhahabu kwenye upeo wa picha.

Simu nayo inaweza. Mwaka 2019 Google iliweka kwenye Pixel 4 uwezo wa kupiga picha za nyota: simu hupiga picha nyingi kwa takribani dakika nne, kisha huzilinganisha na kuziunganisha kuwa moja. Unachohitaji ni kuiegemeza pasipotikisika na kutumia saa ya kuchelewesha, kwa sababu kidole kinachobonyeza tu kinatosha kuharibu.

Giza la mwezi mwandamo lina jambo lake pwani: ndiyo siku za bamvua. Unguja maji hutoka mbali mnamo saa nne usiku, na hujaa tena mnamo saa kumi alfajiri, tofauti ya kina ikifika karibu mita nne. Stendi unayoisimika mchangani saa nne, ukitaka picha ya muda wa saa tatu, isimike juu ya mstari wa mwani uliokauka, maji yasiifikie.