Kilima, Mchanga na Mbuga: Namna ya Kuchagua Njia za Baiskeli Kandokando ya Ziwa, Mwanza

Katika utalii, njia ya safari ya baiskeli ni mpangilio wa barabara, vijia na vivuko vilivyopo tayari, vinavyounganishwa ili mtu anayesafiri kwa nguvu za miguu yake, akiwa na mizigo ya siku kadhaa kwenye keria, apite salama na aone yanayostahili kuonwa. Barani Ulaya mfano unaotajwa mara nyingi ni Ziwa Constance, ambalo huzungukwa na njia ya takriban kilomita 260 inayopita Ujerumani, Austria na Uswisi. Ziwa Victoria, lenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,800, halizungukiki kwa namna hiyo katika likizo moja, lakini pwani yake ya kusini, kuanzia vilima vya Jiji la Mwanza hadi Ghuba ya Speke na kisiwa cha Ukerewe, imekusanya vilima, maji na historia katika masafa ambayo mwendesha baiskeli wa kawaida anayaweza. Hata hivyo anayeipanga safari hiyo kwa kuhesabu kilomita pekee atapotoka, kwa sababu katika nchi hii kinachoamua siku ya safari ni mteremko na udongo wake.

Mahali pazuri pa kulielewa jambo hilo ni Mabatini, kata ya Wilaya ya Nyamagana iliyo kando ya Barabara ya Nyerere, ambako Mto Mirongo unapita kuelekea ziwani na nyumba zimepanda kilimani katikati ya mawe makubwa. Baiskeli iliyobeba madumu ya maji hufika hadi pale kilima kinapoanzia, kisha madumu hufunguliwa kamba na kubebwa kichwani au begani, kwa kuwa vijia vinavyoendelea juu ni ngazi za mawe zisizopitika kwa gurudumu. Mawe hayo ni itale, yaani mwamba mgumu ulioganda chini ya ardhi kutokana na miamba iliyoyeyuka kwa joto, na umri wake unazidi miaka bilioni 2.5, hivyo ni miongoni mwa miamba ya kale zaidi barani Afrika. Itale ilipoganda na baadaye kufunuliwa ilipasuka kwa nyufa zilizokatana, maji ya mvua yakapenya katika nyufa hizo na kuyabadili baadhi ya madini yake kuwa udongo wa mfinyanzi, na kwa kuwa kona huliwa upesi kuliko nyuso bapa, kila bonge la mwamba lilizidi kuviringana. Udongo uliolizunguka uliposombwa, mawe yakabaki yamebebana, kama yanavyoonekana katika Jiwe la Bismarck karibu na kivuko cha Kamanga, lililopewa jina la Chansela wa Ujerumani wakati Wajerumani walipoitawala Mwanza.

Sehemu ya itale isiyogeuka mfinyanzi ni chembe za mchanga, na hapo ndipo udongo wa nchi nzima unapoanzia. Mchanga, kwa kuwa ni mzito, hubaki karibu na miguu ya kilima, ilhali mfinyanzi, ambao ni mwepesi kusombwa, hushuka hadi bondeni. Kwa sababu hiyo, kutoka kileleni hadi kijito, udongo hufuatana kwa mpangilio uleule: mawe juu, mchanga ambao Wasukuma huuita luseni, kisha itogolo, yaani ardhi iliyoshikana na kuwa ngumu chini ya tabaka jembamba, na mwishowe mbuga, udongo mweusi mzito ambao huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Mwanasayansi Geoffrey Milne, aliyekuwa katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, Tanga, aliuita mfuatano wa aina hii katena, kwa neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo, na tangu alipoitoa hoja hiyo mwaka 1935 imefundishwa kwa wataalamu wa udongo duniani kote. Wakulima wa Usukuma walikuwa na majina ya kila pingili ya mnyororo huo na walijua ipi inafaa mihogo na ipi inafaa majaluba ya mpunga. Haki ya ugunduzi huo ni yao kwa sehemu kubwa.

Kwa mwendesha baiskeli, mnyororo huo ni ramani. Kwenye luseni kavu tairi jembamba huzama na usukani huyumba, kwa hiyo tairi pana lenye upepo mdogo hufaa zaidi, ilhali mvua nyepesi huushikiza mchanga huo na kuufanya upitike vizuri kuliko wakati wa kiangazi kikali. Itogolo ni njia bora kupita zote, kwa maana ni ngumu na tambarare kiasi kwamba baiskeli hukimbia karibu kama iko juu ya lami. Mbuga wakati wa kiangazi ina nyufa zinazoweza kunasa gurudumu, na wakati wa masika ndiyo adui mkubwa: udongo hujishika kwenye tairi, ukajaa kati ya gurudumu na madigadi hadi gurudumu lisizunguke kabisa, na mwenye baiskeli akalazimika kuukwangua kwa kijiti kila baada ya hatua chache au kuibeba baiskeli begani. Anayejua hayo hupanga njia yake ya vumbi katikati ya mteremko, juu ya mbuga na chini ya mawe, hata kama kwa kufanya hivyo anaongeza kilomita.

Lami nayo haikwepi vilima. Mwinuko hupimwa kwa asilimia, yaani idadi ya mita zinazopandwa kwa kila mita 100 za mlalo, na vilima vya Mwanza, ingawa ni vifupi, vina miinuko mikali inayokuja mmoja baada ya mwingine bila kumpa mpandaji muda wa kupumzika. Hapa ndipo gia zinapokuwa na maana. Baiskeli ya kawaida isiyo na gia, yenye mathalani meno 48 kwenye gurudumu-meno la mbele na 18 la nyuma na tairi lenye mzingo wa takriban mita 2.2, husogea karibu mita 5.9 kwa kila mzunguko mmoja wa pedali, na umbali huo ni mwingi mno kwa mlima, ndiyo maana wenye baiskeli hizo hushuka na kusukuma. Baiskeli yenye meno 28 mbele na 28 nyuma husogea mita 2.2 tu, kwa hiyo mpandaji huzungusha pedali mara nyingi zaidi lakini kila mzunguko humdai nguvu ndogo. Kusukuma si aibu wala si udhaifu; ni gia ya mwisho ambayo kila msafiri anayo.

Safari ya siku moja inayofaa zaidi kwa kuanzia ni ile inayotoka Mabatini kwa Barabara ya Musoma, ikapita Igoma, ambako wamezikwa wengi wa waliopoteza maisha katika ajali ya meli ya MV Bukoba ya tarehe 21 Mei 1996, hadi Kisesa na kilima cha Bujora, takriban kilomita 20 kutoka katikati ya jiji. Makumbusho ya Wasukuma yaliyopo Bujora yaliasisiwa katika miaka ya 1950 na Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, akishirikiana na wazee wa Kisukuma, na humo zimehifadhiwa ngoma za watemi, zana za wahunzi na waganga, na kumbukumbu za vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu, ambavyo hadi leo hushindana katika sherehe za Bulabo mwezi Juni. Barabara hii ina malori na mabasi mengi, kwa hiyo inafaa ipitwe alfajiri.

Mbele zaidi, kwenye mwambao wa Magu katika Ghuba ya Speke, iko Kageye, mahali ambapo kwa maoni ya makala haya panastahili siku nzima. Mpelelezi Henry Morton Stanley alifika hapo tarehe 27 Februari 1875 baada ya kutoka Bagamoyo Novemba 1874, na tarehe 8 Machi akaanza kulizunguka ziwa kwa mashua ya Lady Alice iliyokuwa imebebwa kwa vipande mabegani mwa wapagazi. Kijana aliyefuatana naye, Frederick Barker, alifia hapo mwezi Aprili na kuzikwa. Mpelelezi mwingine, John Hanning Speke, alikuwa ameliona ziwa mapema zaidi, tarehe 3 Agosti 1858, kutoka kilima kilicho karibu na Mwanza, akakata shauri kuwa hicho ndicho chanzo cha Mto Nile ilhali alikuwa ameona kipande kidogo tu cha maji. Anayesafiri kwa baiskeli huielewa hali hiyo kwa macho yake, kwa sababu upande huu ziwa limekatwa na ghuba, rasi na visiwa, likajitokeza na kujificha kila kilima kinapopandwa. Inafaa pia kukumbuka kwamba wapagazi waliofika Kageye wakiwa na mizigo vichwani walitembea masafa yote hayo kwa miguu.

Mzunguko mkubwa wa siku kadhaa hupitia Ukerewe. Meli kutoka Mwanza hadi Nansio huchukua takriban saa 3, na kisiwani kuna Bukindo, penye jumba la Chifu Lukumbuzya, na Kagunguli, alikoishi Aniceti Kitereza, aliyeandika kwa Kikerewe riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, akaimaliza mwaka 1945, nayo ikachapishwa kwa Kiswahili miaka 35 baadaye. Mashariki, kivuko cha Rugezi humvusha msafiri hadi Kisorya, na kutoka hapo barabara huenda Bunda, kisha Lamadi na Magu, ikipita jirani na lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti, ambako wanyama huweza kuvuka barabara na haifai kupita usiku. Upande wa magharibi, daraja la Kigongo–Busisi lililozinduliwa Juni 2025 limefungua njia ya Sengerema.

Saa ya kuondoka huamuliwa na upepo. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hewa yake hupanda, na hewa ya ziwani huingia kuchukua nafasi yake. Usiku mwendo huo hugeuka. Kwa hiyo anayeelekea ziwani huenda asubuhi, na anayeondoka ziwani hungoja adhuhuri ili upepo umsukume. Miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo mikavu zaidi. Kuoga ziwani kwenye magugu na maji yaliyotulia kuepukwe kwa sababu ya kichocho, hata joto liwe kali namna gani.

Kuhusu mafundi, msafiri asiwe na hofu, kwani Usukuma ni nchi ya baiskeli tangu fedha za pamba zilipoanza kuwafikia wakulima, na chini ya miti mingi ya kandokando ya barabara yupo fundi mwenye beseni la maji la kutafutia pancha, viraka, solusheni na gololi. Tatizo ni vipimo. Tairi la inchi 28 la baiskeli za mizigo zinazotumika hapa hukaa kwenye rimu ya kipenyo cha milimita 635, ilhali baiskeli nyingi za safari zitokazo Ulaya, ambazo nazo huitwa za inchi 28, zina rimu ya milimita 622, kwa hiyo tairi la dukani Magu litaingia kwenye rimu hiyo likiwa limelegea na halitashika. Anayekuja na baiskeli ya namna hiyo abebe tairi la akiba na tyubu 2, au atumie baiskeli ya inchi 26 yenye rimu ya milimita 559, ambayo vipuri vyake hupatikana Mwanza mjini.