Bi Kidude, bibi aliyehesabu umri wake kwa rupia

Watu wengi wakiulizwa walizaliwa lini hutaja mwaka. Bi Kidude wa Zanzibar alipoulizwa, alitaja sarafu. Alizaliwa enzi za rupia, alisema, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Cheti cha kuzaliwa hakuwa nacho, na aliyetaka kujua zaidi alilazimika kupiga hesabu mwenyewe.

Kwa mtoto wa nyumba yao, jibu hilo halikuwa la mzaha. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa nazi katika kijiji cha Mfagimaringo, Unguja, na katika nyumba ya mfanyabiashara fedha ndiyo kalenda. Mtoto alipewa jina la Fatuma binti Baraka, lakini kwa kuwa alizaliwa mdogo mno, aliitwa "Kidude". Jina la utani likalifunika lile la asili, likazunguka naye dunia.

Leo abiria anapanda boti asubuhi bandarini Malindi, na adhuhuri anafanya biashara Kariakoo kwa shilingi ile ile aliyotoka nayo nyumbani. Kidude alipokuwa msichana, safari hiyo ilikuwa ya kutoka nchi moja kwenda nyingine. Zanzibar ilikuwa usultani chini ya ulinzi wa Uingereza tangu 1890. Tanganyika ilikuwa koloni la Wajerumani, kisha baada ya vita ikakabidhiwa kwa Waingereza. Hata fedha zilitofautiana: bara walianza kutumia shilingi ya Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1920, huku Unguja wakibaki na rupia hadi Januari 1, 1936.

Mpaka huo Kidude aliuvuka akiwa bado mtoto. Kwa simulizi yake mwenyewe, alikimbilia bara akiwa na umri wa miaka 13 hivi, baada ya kuozwa kwa nguvu. Alitembea huku na huko bila viatu, akiimba. Baadaye aliolewa tena na ndoa ikavunjika. Hakujaliwa mtoto. Katika miaka ya 1940 alirudi Unguja, akapata nyumba yake ndogo ya udongo. Mwanamke asiye na mume, mtoto wala mtaji alipaswa kutafuta riziki kwa mikono yake.

Mikono hiyo ilijua kazi. Aliwapaka hina bibi harusi, akatengeneza wanja na kuuuza, akachimba dawa za miti shamba. Ni biashara ambayo wanawake wengi wa mipakani wanaijua: bidhaa inaenea kwenye kikapu, mteja anakujua kwa jina, na sifa yako ndiyo leseni.

Sauti nayo aliipata kwa mtu wa kazi kama yeye. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba mwaka 1880, alianza maisha akitembeza vyungu vya udongo na kuviuza. Mwaka 1928 muuza vyungu huyo alivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri, na nyimbo zake zikasikika pwani nzima. Kidude alijifunza nyimbo hizo kwa kumsikiliza, bila daftari. Siti alifariki mwaka 1950, lakini nyimbo zake hazikuzikwa. "Muhogo wa Jang'ombe" ukaendelea kuimbwa na Kidude kwa zaidi ya nusu karne, kwa sauti nzito yenye mikwaruzo ambayo hakuna aliyeweza kuiiga.

Upande wa pili wa maisha yake ulikuwa unyago. Alikuwa somo, mwalimu wa wanawali wanaojiandaa kwa ndoa, katika shughuli ambazo wanaume hawaruhusiwi kukanyaga. Ngoma ndefu aliifunga kiunoni kwa kanga, akaipiga akiwa amesimama. Watu wengi wa rika lake walitaka mambo hayo yabaki uani. Yeye aliipeleka ngoma hiyo jukwaani, uso wazi, mbele ya wanaume na wageni. Sigara alivuta hadharani, na pombe hakuificha. Waliomlaumu aliwaacha walaumu.

Dunia ilimgundua akiwa tayari bibi. Alizunguka Ulaya na Japani, na mwaka 2005 alikabidhiwa tuzo ya WOMEX mjini Newcastle, Uingereza. Nyumbani alikuwa mgeni wa kudumu wa tamasha la Sauti za Busara, lililoanza 2004, na vijana wa kundi la Offside Trick walimshirikisha katika wimbo wao "Ahmada". Fedha alizopata hazikukaa. Aligawa kwa ndugu, majirani na waliobisha hodi, akaendelea kuishi maisha ya kawaida.

Katika umri huo mipaka na fedha vilibadilika mbele ya macho yake. Mapinduzi ya Januari 1964 yaliuondoa usultani. Aprili 26 mwaka huo huo, Unguja na bara zikawa nchi moja. Juni 1966 ikaja shilingi ya Tanzania. Bahari aliyoivuka kama mkimbizi ikawa njia ya ndani ya nchi yake.

Alifariki Aprili 17, 2013, Bububu, na magazeti mengi yaliandika kuwa alikuwa na zaidi ya miaka 100. Hakuacha duka wala akaunti nono. Aliacha mali ya aina nyingine: nyimbo alizopokea kwa muuza vyungu na kuwakabidhi wengine.

Mali kama hiyo haipiti kwenye mizani, lakini nayo hupotea isipopata wa kuipokea. Chuo cha muziki wa nchi za jahazi, kilichoanzishwa Unguja mwaka 2002, kwa miaka mingi kiliwafundisha vijana taarabu na ngoma ndani ya jengo la zamani la forodha, mkabala na bahari. Pale ambapo mizigo ya majahazi ilikaguliwa na kutozwa ushuru, nyimbo za kizazi cha Siti na Kidude zilipita bure.