Mama, mtoto na mtu wa chuma: filme ambayo watoto wetu bado wanaitazama



Majuma mawili yaliyopita, katika mkutano wetu wa siku ya posho, mama mmoja alituletea shida yake. Mtoto wake wa miaka tisa alikuwa ametoka kwenye nyumba ya video ya kartie, na usiku tatu mfululizo alikataa kulala peke yake. Alisema ameona polisi mwenye kuyeyuka kama maji, akapita katikati ya nondo za mlango, halafu akawa mtu tena. Mama akatuuliza: filme ya namna hii ni ya nani? Na nani alisema ni nzuri?

Mama mwingine akamjibu kwamba watoto wake wakubwa wanaipenda sana, tena ndani yake shujaa ni mama. Tukabishana mpaka saa ya kufunga mkutano, na wengi wetu tulikuwa tunabishania kitu ambacho hatujakiona. Basi tukapatana tuitazame wenyewe. Siku ya yenga, baada ya ibada, tulikaa wamama kumi na mmoja na wapapa wawili mbele ya televizyo ya mwenzetu mwenye umeme wa jua. Haya ndiyo tuliyoyaona.

Filme inaitwa Terminator 2: Judgment Day. Ilitoka Marekani mwaka 1991, na aliyeiongoza ni James Cameron. Ni ya pili. Ya kwanza ilitoka mwaka 1984. Hiyo ya kwanza Cameron aliiandika pamoja na mwanamke, Gale Anne Hurd, ambaye ndiye aliyesimamia utengenezaji wake. Iligharimu chini ya dola milioni 7, kitu kidogo kwa filme za huko. Ya pili iligharimu karibu dola milioni 100. Wakati ule hakukuwa na filme iliyowahi kula feza nyingi hivyo.

Hadithi yenyewe ni hii. Katika siku zijazo, mashini zimejifunza kufikiri zenyewe, zimewasha vita ya nyuklia, na watu waliobaki wanapigana nazo. Kiongozi wa watu hao ni John Connor. Mashini zinaona kwamba haziwezi kumshinda akiwa mkubwa, basi zinatuma roboti irudi nyuma katika wakati, imuue. Katika filme ya kwanza roboti inamtafuta mama yake, Sarah, kabla hajamzaa. Wakati ule Sarah ni msichana anayepeleka vyakula mezani katika mgahawa. Katika filme ya pili John ana miaka kumi na analelewa na watu wengine, kwa sababu mama yake amefungwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Alisema hatari inakuja, watu wakasema ana wazimu.

Roboti mbili zinakuja. Moja, anayeigiza Arnold Schwarzenegger, ina mwili mkubwa na uso mgumu, na ndiyo iliyotumwa kumlinda mtoto. Nyingine, anayeigiza Robert Patrick, ina umbo la kijana mpole aliyevaa nguo za polisi, na ndiyo iliyokuja kuua. Hapo chumba chetu kilinyamaza kidogo. Sisi wa huku hatuhitaji kufundishwa kwamba nguo ya mlinzi na mlinzi mwenyewe ni vitu viwili.

Sasa, wenye kazi ya kuhukumu filme walisema nini? Mwaka ule wa 1991 wengi waliisifu. Roger Ebert, mwandishi wa Chicago aliyejulikana sana kwa kazi hiyo, aliipa nyota tatu na nusu kati ya nne. Walishangazwa hasa na yule mtu wa chuma cha majimaji, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameona kitu kama hicho kikifanywa kwa kompyuta. Anaonekana kwa namna hiyo dakika chache tu, lakini dakika hizo zilibadili kazi ya sinema duniani. Filme iliingiza zaidi ya dola milioni 500, ikawa ya kwanza kwa mapato mwaka ule. Mwaka 2023 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiweka katika orodha ya filme zinazostahili kuhifadhiwa.

Lakini si wote walioridhika. Kulikuwa na waliouliza: filme inayohubiri kwamba uhai wa mtu una thamani, mbona imejaa risasi, moto na magari yanayovunjika kwa saa mbili na zaidi? Na tukumbuke kwamba Marekani kwenyewe haikutolewa kuwa ya watoto. Ilipewa alama inayokataza mtu ambaye hajafika miaka 17 kuingia bila mzazi au mtu mzima wa kumwangalia. Hata hivyo wafanyabiashara walitengeneza vitu vya kuchezea vya watoto kwa jina lake. Kwa hiyo mama aliyeleta shida mkutanoni hakuwa mjinga wala mshamba. Swali lake liliulizwa pia kule filme ilikotoka.

Kitu kingine tulikiona. Katika zawadi za Oscar filme ilipata nne: ya sauti, ya uhariri wa milio, ya kupamba nyuso, na ya maajabu ya kuonekana. Zote nne ni za ufundi. Linda Hamilton, aliyeigiza Sarah, hata hakutajwa kati ya wanaoshindania zawadi hiyo ya waigizaji, ingawa alipata nyingine inayoitwa Saturn. Huyu ni mama aliyefanya mazoezi ya mwili kwa miezi ili awe na nguvu ya yule mwanamke, na nyumbani alikuwa na mtoto mdogo wa kiume. Mtoto huyo ndiye anayeonekana katika ndoto ya Sarah, mahali watoto wanapocheza. Na pale ambapo Sarah anaonekana kuwa wawili, wa pili ni dada yake pacha, muuguzi kwa kazi. Sisi tunaowaheshimu mapacha tulifurahi kulijua hilo. Lakini tulisema pia: mashini ilisifiwa, mama akasahauliwa. Si jambo geni.

Na huyo mama ndiye tuliyemzungumzia zaidi. Kuna mahali Sarah anamtazama mtoto wake akicheza na ile roboti. Anafikiri moyoni kwamba kati ya wanaume wote waliopita katika maisha yao, mashini hii peke yake haitamwacha mtoto, haitalewa ikampiga, haitasema haina nafasi. Mmoja wa wapapa wawili waliokuwa nasi aliinamisha kichwa. Baadaye alituambia, na ametukubalia tuandike: "Nilisikia haya. Chuma kinanishinda kukaa na mtoto." Hatukumcheka. Tulimshukuru kwa kusema.

Lakini wamama, filme haimsifu Sarah kwa kila kitu. Amemfundisha mtoto silaha, na hajui tena kumkumbatia. Mtoto anapomfuata hospitalini ili amtoe, yeye anamgombeza kwamba amejiweka katika hatari, na mtoto analia. Halafu anakwenda usiku nyumbani kwa fundi ambaye kazi yake ndiyo itakayozaa zile mashini, ili amuue. Anampiga risasi mbele ya mke wake, na mtoto mdogo wa fundi anajitupa juu ya baba yake. Hapo Sarah anaona kwamba yeye mwenyewe amekuwa kama ile roboti. Anashusha silaha, anaanguka chini, analia. Kati yetu kuna wamama ambao vita iliwachukulia watu, na wanajua namna ugumu unavyoingia ndani ya mtu bila kubisha hodi. Mmoja alisema amekuwa akiwalea watoto wake kama askari, na hajawahi kuliona hilo mpaka siku hiyo.

Mtoto naye anafanya jambo kubwa kuliko wote. Anaiapisha roboti kwamba haitaua mtu. Kwanza haielewi sababu, yeye anashindwa kuifafanulia vizuri, lakini anakataa kurudi nyuma. Tuliwaza juu ya watoto wa nchi yetu waliotiwa bunduki mkononi na watu wakubwa. Hapa ni mtoto anayemnyang'anya mkubwa ruhusa ya kuua.

Na tumepata akili moja ya kupeleka nyumbani. John anapiga simu kwa mama anayemlea. Sauti ni yake, lakini roboti inashuku, inachukua simu na kuuliza habari za mbwa wao kwa jina la uongo. Anayejibu hagundui kosa. Kumbe mama ameshauawa, na anayesema ni adui. Leo kuna watu wanaoiba sauti kwa simu na kuomba feza, na wengine wanaowaambia watoto njiani "mama yako amenituma". Kila nyumba iwe na neno lake la siri, ambalo mtoto atamuuliza yeyote anayesema ametumwa. Asiyelijua, mtoto asimfuate.

Watoto wasifikiri pia kwamba roboti ni adui, au ni kitu cha Wamarekani peke yao. Mwaka 2013, mjini Kinshasa, roboti kubwa zilisimamishwa njiani kuongoza magari. Zilitengenezwa na shirika la wamama mainjinia, Women Technology, chini ya Thérèse Izay, mwanamke wa Kongo. Mwili wake ni wa aluminiamu, zinatumia umeme wa jua na zina kamera. Baadaye nyingine zilipelekwa Katanga. Msichana wako akipenda kufungua redio iliyokufa, usimpige.

Basi tulipatana nini? Kwanza, filme hii si ya mtoto wa miaka tisa, na hata wa kumi na mbili asiitazame peke yake. Tumewatuma wamama watatu waende kuzungumza na mwenye nyumba ya video, kwa heshima, maana ile ni kazi yake na analisha nyumba yake. Tutamwomba asiingize wadogo wakati wa filme za kuuana. Pili, vijana wakubwa waitazame pamoja na mzazi, na ikiisha msizime tu televizyo mkaenda kulala. Waulizeni: kwa nini Sarah alilia? Kwa nini mtoto alikataza kuua? Mwisho, ambapo roboti inajitoa ili hatari iishe na mtoto anaililia kama baba, kijana mmoja wa nyumba ile alitoka nje haraka akisema moshi umemwingia machoni. Hakukuwa na moto.

Na yule mtoto aliyeogopa? Mama yake alimweleza, kidogo kidogo, kwamba mtu wa chuma ni picha iliyochorwa kwa kompyuta, na aliyeigiza ni mtu wa kawaida anayekula na kulala. Usiku wa nne alilala mlango ukiwa wazi. Sasa mlango umefungwa tena.

Siku ya posho ijayo, wapapa wamealikwa. Njooni na mabinti na wavulana wenu.