Masaka kafika Brighton, binti wa Tanga apitie wapi?

TANGA haifundishwi straika ni nani. Huu ni mji wa Coastal Union, mabingwa wa Bara 1988, na African Sports 'Wana Kimanumanu'. Mshabiki wa Mkwakwani akimuona mfungaji anamjua kabla hajagusa mpira mara tatu.

Lakini ukitaka kujua straika wa Kitanzania anatengenezwaje siku hizi, mtazame Aisha Masaka. Mbwana Samatta alicheza Ligi Kuu England akiwa na Aston Villa mwaka 2020. Kwa wanawake, aliyefungua njia ya ligi kuu ya huko ni Masaka, aliyesajiliwa na Brighton mwaka 2024.

Hakuruka ngazi hata moja. Alianzia Alliance Girls ya Mwanza, kisha akatua Yanga Princess, na msimu wa 2020/21 akawa mfungaji bora wa ligi. Mwishoni mwa 2020 alikuwa Afrika Kusini na timu ya taifa ya wasichana chini ya miaka 17. Tanzania, timu mwalikwa, iliifunga Zambia kwa penalti kwenye fainali ya COSAFA, na kiatu cha ufungaji bora kikaenda kwa Masaka.

Mwaka 2022 akaenda BK Häcken ya Sweden. Msimu wa 2023/24 klabu hiyo ilipangwa kundi moja na Chelsea, Real Madrid na Paris FC kwenye Ligi ya Mabingwa Ulaya, na ikatinga robo fainali. Hapo ndipo binti aliyetokea Mwanza alipofika.

Kipaji anacho, hilo halina ubishi. Ila kila alipofika alikuta timu yenye mechi za ushindani zinazomsubiri. Bila mechi, kipaji kinaishia mtaani.

Twiga Stars nayo inasema hivyohivyo. Mwaka 2010 ilicheza fainali za Afrika kwa mara ya kwanza wakati nchi haina Ligi Kuu ya Wanawake. Ikapoteza mechi zote tatu. Ligi ilianza msimu wa 2016/17. Mwaka 2021 Twiga ikabeba COSAFA, na Julai 2025 kule Morocco, bao la Opah Clement likaipa sare ya 1-1 na Afrika Kusini, waliokuwa mabingwa watetezi. Ndiyo pointi ya kwanza ya Tanzania kwenye fainali hizo.

Je, Tanga iko wapi kwenye hadithi hii? Ilikuwepo tangu mwanzo. Msimu ule wa kwanza wa ligi, Fair Play ya Tanga ilikuwa miongoni mwa timu 12, kundi moja na JKT Queens na Mlandizi Queens, waliokuja kuwa mabingwa. Kwa hiyo asije mtu akasema soka la wanawake ni la Dar na Mwanza tu.

CAF nayo imeshaweka masharti: klabu ya wanaume inayotaka kucheza mashindano yake lazima iwe na timu ya wanawake. Coastal, waliomaliza wa nne 2023/24 na kucheza Kombe la Shirikisho, wanayajua. Lakini timu ya kutimiza leseni ni kitu kimoja, na timu inayofanya mazoezi kila wiki, yenye kocha na mechi, ni kitu kingine.

Tofauti hiyo inamgusa binti anayewapiga chenga wavulana kwenye viwanja vya mchangani Makorora, Muheza au Pangani. Kama timu ya maana haipo karibu, ahamie Dar au aache. Kumruhusu binti wa miaka 15 ahame kwa ajili ya mpira si jambo dogo kwa mzazi. Kumpa nauli ya daladala hadi Mkwakwani kila Jumamosi, hilo wazazi wengi wa Tanga wanaliweza.