NDAMA DUME NAYE NI CHAKULA

Ng'ombe wa maziwa akizaa usiku, asubuhi majirani huuliza neno moja tu: "Kazaa nini?" Ukijibu "mtamba," utapewa hongera. Ukijibu "dume," watasema, "Aa, pole." Pole hiyo tumeisikia mara nyingi tukitembelea madarasa ya vijijini huko Rungwe na Kilimanjaro.

Ina sababu yake. Dume hatoi maziwa. Aliyepata ng'ombe kwa mpango wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe hulipa deni kwa mtamba, si kwa dume. Tena siku hizi wengi wetu hupandisha kwa uhimilishaji, kwa hiyo dume wa kupanda hahitajiki kila nyumba. Basi ndama dume huuzwa kwa bei ya kutupa, au huachwa aishi kwa bahati yake.

Baba mmoja wa darasa letu alifanya hivyo. Alikamua maziwa yote, ndama akapewa maji ya pumba. "Dume hanywi maziwa yangu," alituambia, nasi tukacheka naye. Hatukupaswa kucheka. Siku ya tisa ndama alikufa kwa kuhara. Mwaka uliofuata ng'ombe yule yule alizaa dume tena. Safari hii tulikaa naye tukapiga hesabu pamoja, na hesabu hiyo ndiyo tunayowaletea leo.

Tuanze na dang'a, yaani yale maziwa mazito ya manjano ya siku za mwanzo. Mtoto wa binadamu huzaliwa akiwa na kinga kiasi kutoka kwa mama yake. Ndama hana. Kinga yake yote imo ndani ya dang'a. Na utumbo wake hupokea kinga hiyo kwa muda mfupi tu: vizuri zaidi katika saa 6 za kwanza, na baada ya saa 24 mlango umefungwa. Ndama wa kilo 30 apate lita 2 mapema iwezekanavyo, na lita 2 nyingine kabla ya saa 12 kupita. Usiseme, "Nitampa kesho." Na jambo la kufurahisha ni kwamba dang'a haipokelewi na wanunuzi wa maziwa. Ukimpa ndama, hujapoteza hata senti.

Baada ya hapo ndipo gharama inapoanza. Ndama mchanga hawezi kuishi kwa majani. Ng'ombe mkubwa ana tumbo kubwa la kuchachusha majani, lakini la ndama bado ni dogo na halijaanza kazi. Maziwa hulipita na kwenda moja kwa moja kwenye tumbo la nne. Ndiyo maana maji ya pumba yalimwua yule wa kwanza: njaa ilimdhoofisha, na kinga hakuwa nayo.

Mpe lita 4 kwa siku, asubuhi 2 na jioni 2, yakiwa na uvuguvugu wa mwili. Ndoo ioshwe kila mara. Kuanzia wiki ya pili mwekee majani laini makavu, pumba kidogo iliyochanganywa na mashudu, na maji safi. Atachezea tu mwanzoni. Mwache achezee, maana chakula hicho ndicho kinachokuza tumbo lile kubwa. Akifikisha miezi miwili punguza maziwa yawe lita 2. Akifikisha miezi mitatu na anakula vizuri, mwachishe.

Sasa shika kalamu. Lita 4 kwa siku 60 ni lita 240. Lita 2 kwa siku 30 ni lita 60. Jumla lita 300. Hiyo ndiyo bei ya ndama wako, pamoja na jasho la kukata majani.

Unapata nini? Chotara wa maziwa akilishwa vizuri huweza kuongeza kama nusu kilo kwa siku. Miezi 18 ni siku 540, yaani kilo 270. Ongeza zile 30 za kuzaliwa, unapata 300. Akichinjwa, nyama na mifupa yake ni karibu nusu, au pungufu kidogo, kwa kuwa ng'ombe wa maziwa ana mifupa mirefu na minofu michache. Tuseme kilo 140. Basi kila kilo ya nyama imekunywa lita 2 na kidogo za maziwa. Weka bei ya maziwa ya kijijini kwako, weka na bei ya nyama, uone mwenyewe.

Lakini tuseme kweli. Ukimlisha mabua matupu akaongeza gramu 200 tu kwa siku, baada ya miezi hiyo hiyo 18 hatafika hata kilo 140 akiwa hai. Hapo umefuga mifupa. Kwa hiyo kama majani yako yanamtosha mama peke yake, mwuze dume mapema, wala usione haya. Kumnyima ng'ombe wa maziwa ili umnenepeshe dume ni hasara mbili.

Mwenye majani ya tembo ya kutosha, migomba, na lukina kwenye kingo za matuta, huyo ajaribu. Amwite bwana mifugo ndama akiwa na miezi mitatu hivi ili amhasi kwa bardizo. Maksai ni mpole, hasumbui majike bandani, na hunenepa kwa urahisi zaidi. Usimhasi mwenyewe kwa kisu. Apewe dawa ya minyoo na aogeshwe, maana kupe huleta ndigana kali, nayo huua ndama upesi. Chanjo yake ipo, uliza.

Kuna mtamba mmoja naye wa kuhesabu hapa: pacha wa dume. Ng'ombe akizaa pacha, jike na dume, yule jike mara nyingi ni tasa, kama 9 kati ya 10. Watu humlea miaka mitatu wakingoja mimba. Mfuge kwa nyama tangu mwanzo.

Siku ya kuchinja, kilo 140 hazimaliziki nyumba moja, na wengi hatuna friji. Patana mapema na majirani, kila mmoja achukue fungu lake na alipe. Kama mnyama alipigwa sindano karibuni, subiri siku zilizoandikwa kwenye kibandiko cha dawa. Sasa kusoma mnajua. Mkaguzi aione nyama kabla haijagawanywa, kwa ajili ya tegu na maradhi mengine. Ng'ombe aliyekufa ghafla mwenyewe msimpasue kabisa, huenda ni kimeta. Toeni taarifa.

Yule baba alichinja maksai wake mwezi wa Desemba. Mafungu 11 yaliuzwa palepale uani, na fedha zikalipa sare na madaftari ya watoto wawili. La 12 walikula wenyewe. Sisi tulialikwa, tukapewa mbavu.