Sauti, Kelele na Udhia: Istilahi za Kanuni za Ndege

Mtafsiri wa sheria afikapo kwenye kanuni za ndege, aghalabu hujikuta na neno moja tu mkononi, nalo ni kelele. Neno hilo hutumika kwa ngurumo ya injini, kwa tarakimu isomwayo katika chombo cha kupimia, na hata kwa taabu ya mtu aliyeamshwa usingizini. Katika mazungumzo ya kila siku jambo hili halina madhara. Katika sheria lina madhara makubwa, kwa kuwa haki ya mwananchi hutegemea ni lipi kati ya hayo matatu lililokusudiwa. Mfano ulio wazi ni wa uwanja wa ndege wa Heathrow, London.

Mwaka 1963 kamati ya serikali ya Uingereza iliyoongozwa na Sir Alan Wilson ilieleza kuwa kelele ni sauti isiyotakiwa na mtu inayemfikia. Kwa maelezo hayo, sauti ni jambo la maumbile, lakini kelele haiwi kelele mpaka awepo mtu anayeikataa. Chombo chaweza kupima sauti. Kukataa kwa mtu hakipimi.

Tofauti hiyo ina uzito kwa sababu nchini humo, tangu sheria ya 1920, na sasa kwa Sheria ya Usafiri wa Anga ya 1982, mtu hawezi kushtaki kwa sababu tu ndege imepita juu ya nyumba yake, maadamu imepita kwa kimo cha kadiri na kufuata kanuni. Hivyo kinga kubwa ya jirani wa uwanja ni kanuni za serikali zenyewe.

Kanuni hizo hutumia desibeli, ambayo haijumlishwi kama kilo za mchele. Zikiongezwa desibeli 3, nishati ya sauti huwa maradufu. Zikiongezwa 10, huwa mara kumi, ingawa sikio huisikia kama imeongezeka mara mbili tu. Kipimo cha awali cha Heathrow kilijumuisha ukubwa wa sauti na idadi ya ndege, lakini ndege isiyofikia kizingiti cha 80 haikuhesabiwa. Mwaka 1990 kiliachwa, ukachukuliwa wastani wa nishati ya sauti wa saa 16, kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 5 usiku.

Tuchukulie kwamba kila ndege imepunguziwa desibeli 3, kisha idadi ya ndege ikawa maradufu. Wastani haubadiliki. Kwa mujibu wa tarakimu, hapana lililotokea. Lakini mwalimu ambaye hulazimika kunyamaza kila ndege ipitapo, sasa hunyamaza mara nyingi maradufu.

Desibeli 57 za wastani huo zilichukuliwa kuwa ndipo udhia mkubwa wa jamii unapoanzia. Uchunguzi uliofanywa 2014, na matokeo yake kutolewa 2017, ulionyesha kuwa kiasi kile kile cha watu wanaoudhika sana sasa kilipatikana kwenye desibeli 54. Watu walikuwa wakiudhika kwa sauti ndogo kuliko zamani.

Usiku hutawaliwa na mgawo. Tangu 1993 kila aina ya ndege hupewa alama, nazo huwa maradufu kwa kila desibeli 3. Uwanja hupewa jumla ya alama za msimu usiyopaswa kuipita. Wakazi wanane walipeleka malalamiko yao kwenye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Mwaka 2001 walishinda. Mwaka 2003 Jopo Kuu la mahakama hiyo liliamua kuwa serikali ilikuwa imelinganisha ipasavyo manufaa ya uchumi na haki za wakazi. Hata hivyo lilikiri kuwa mahakama za Uingereza hazikuwapa njia ya kutosha ya kulalamika.

Kutokana na hayo, yafaa istilahi zifuatazo zitenganishwe:

Sauti: mtetemo usikikao, hupimwa kwa desibeli.

Kelele: sauti isiyotakiwa na mtu inayemfikia.

Udhia: athari ya kelele kwa mtu, hujulikana kwa kumwuliza mwenyewe.

Wastani wa sauti: kiasi kimoja kinachowakilisha sauti za muda fulani, kitajwe daima pamoja na saa zake.

Mgawo wa usiku: jumla ya alama ambazo ndege za usiku zaruhusiwa kutumia katika msimu.

Haja hii si ya Waingereza peke yao. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ambalo Tanzania na Kenya ni wanachama wake, lilipitisha viwango vya kelele za ndege mwaka 1971, katika Kiambatisho cha 16 cha mkataba wake. Atakayeviandika kwa Kiswahili atakutana na maneno haya haya. Akiandika kwamba kelele zimepungua, ilhali kilichopungua ni wastani wa sauti, msomaji atapotoka, na anayekosa usingizi ataonekana mzushi.